my.cnf: faili moja, nyumba nyingi

Leo turudi nyuma kidogo tuone kwa nini skripti hufanya kazi vizuri ukiiendesha mwenyewe, halafu usiku ikashindwa.

Yalinipata hapa Ahero. Niliandika skripti ya kunakili hifadhidata ya zahanati moja kila usiku kwa mysqldump. Nilipoijaribu kwa mkono ilikubali. Wiki tatu baadaye nikafungua nakala: kila faili ina baiti 0! Anayeishi karibu na mto Nyando anajua mafuriko hayapigi hodi, kwa hivyo hilo halikuwa kosa dogo.

Chanzo ni cha kihistoria. MySQL ilitoka mwaka 1995, na Michael Widenius ana binti aitwaye My, ndipo jina likatoka. Kwenye Unix, mipangilio ya mashine nzima hukaa /etc, na ya mtu binafsi hukaa nyumbani kwake katika faili inayoanza na nukta. MySQL ikafuata desturi zote mbili. Kwa kawaida husoma /etc/my.cnf, kisha /etc/mysql/my.cnf, halafu ~/.my.cnf, na inayosomwa mwisho ndiyo hushinda.

Sasa, ile ~ ni nyumbani kwa nani? Kwa yule anayeendesha programu. Nywila ilikuwa nyumbani kwangu. Cron iliendesha skripti kama root, ikaitafuta nyumbani kwa root, ikaikosa.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret Februari 2006 ukitumia MySQL, nao una faili yake, openmrs-runtime.properties. Lakini kabla ya kuitafuta nyumbani kwa mtumiaji, huangalia kwanza OPENMRS_RUNTIME_PROPERTIES_FILE. Yaani msimamizi anaweza kutaja wazi faili iko wapi.

Hilo ndilo somo: usikisie. Amri ya mysql --help huorodhesha mahali inapotafuta, na my_print_defaults client huonyesha ilichopata. Ziendeshe kama mtumiaji yule yule wa skripti. Kisha ndani ya skripti taja faili kwa --defaults-extra-file, mwanzoni kabisa kabla ya chaguo zingine. Kwa Python, PyMySQL haisomi my.cnf mpaka uitajie kwa read_default_file.

Siku hizi skripti yangu hupima ukubwa wa nakala kabla ya kusema imemaliza.