Roboti hutangulia mwezini kulinda uhai wa wanaanga

Kabla binadamu hajakanyaga mwezini Julai 1969, baadhi ya wanasayansi, akiwamo mnajimu Thomas Gold, walihofu kuwa sehemu za uso wa mwezi zimefunikwa na vumbi jingi na laini kiasi cha kuweza kumeza chombo pamoja na waliomo. Hofu hiyo iliondolewa na mashine. Februari 1966 chombo cha Kisovieti, Luna 9, kilitua bila kuzama, na Juni mwaka huo Surveyor 1 cha Marekani nacho kikatua salama. Mwaka 1967 Surveyor 3 kikaupima uimara wa udongo kwa mkono wa chuma uliokuwa ukichimba na kufukua.

Kati ya vyombo saba vya Surveyor, viwili havikufanikiwa kutua salama. Hapakuwa na mtu wa kuzikwa.

Hata hivyo, kutua ni mwanzo tu wa hatari. Februari 1971, Alan Shepard na Edgar Mitchell wa Apollo 14 walipanda mlima kwa miguu, wakikokota kigari cha vifaa, kutafuta ukingo wa kreta iitwayo Cone. Mwezini hakuna hewa wala miti ya kumsaidia mtu kukadiria umbali, na kila mwinuko hufanana na mwenzake. Mapigo ya moyo ya Shepard yalifikia 150 kwa dakika, muda ukawaishia, wakaamriwa kurudi. Picha zilizopigwa na setilaiti miongo kadhaa baadaye zilionyesha kuwa walikuwa wamebakiza takriban meta 30 tu.

Roboti iliyotangulia kuchora ramani ya mteremko ule ingewaokolea jasho hilo na, muhimu zaidi, hewa. Wazo hilo lilijaribiwa mwaka 2007 katika kreta ya Haughton, kaskazini mwa Canada, ambako roboti mbili za Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA), ziitwazo K10, zilipima ardhi kwa leza na rada.

Tangu Novemba 1970 Wasovieti walikwishaonyesha kuwa gari lisilo na dereva linaweza kuongozwa kutoka duniani. Lunokhod 1 lilitembea zaidi ya kilometa 10. Ishara ya redio huchukua zaidi ya sekunde 2 kwenda na kurudi; hivyo aliyeliona shimo kwenye picha alikuwa amekwisha kulisogelea. Kwa mashine, huo ni usumbufu. Kwa mtu aliye ndani ya gari hilo, ni suala jingine kabisa.

Safari zinazopangwa sasa zinaelekea ncha ya kusini, kwenye mabonde yasiyofikiwa na jua, ambamo baridi hushuka chini ya nyuzi 200 za Selsiasi chini ya sifuri na ambamo inatafutwa barafu. NASA iliunda gari la roboti lenye taa zake, VIPER, kuingia humo. Julai 2024 ilitangaza kuufuta mradi huo kwa sababu ya gharama na ucheleweshaji, uamuzi ambao ni vigumu kuuelewa ikizingatiwa kuwa wanaanga wanapangiwa kwenda eneo hilohilo. Septemba 2025 mradi ulifufuliwa, na kampuni ya Blue Origin ikapewa kazi ya kulifikisha gari hilo mwezini.