Tezi dume: Upasuaji wa leza huacha kidonda ndani

MWANAUME aliyetibiwa tezi dume kwa mionzi ya leza hurudi nyumbani bila mshono wala bandeji, na mara nyingi bila maumivu makali. Kwa mkazi wa Kivukoni, kando ya Mto Kilombero jirani na Ifakara, wepesi huo waweza kumponza. Kidonda kipo, ila kimejificha ndani, juu kidogo ya mahali panapokandamizwa na kiti cha baiskeli.

Tezi dume imekaa chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija wa kutolea mkojo, nayo hukua kadiri umri unavyosonga. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1984 ulionyesha kuwa karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 huwa na mabadiliko hayo ya ukuaji. Si saratani. Hata hivyo, mrija ukibanwa, mzee huamka mara nne au tano usiku, mkojo hutoka kwa kusuasua, na siku nyingine hukataa kabisa kutoka.

Dawa zinaposhindwa, njia zilizozoeleka katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ni kupasua chini ya kitovu, au kupitisha chombo ndani ya uume na kukwangua tezi kwa waya wenye umeme. Leza hupita njia hiyo hiyo ya mkojo. Aina moja huigeuza nyama ya tezi kuwa mvuke. Nyingine, iliyoendelezwa na daktari Peter Gilling na wenzake nchini New Zealand katika miaka ya 1990, huibandua nyama hiyo kutoka kwenye ganda lake, kisha ikasagwa na kuvutwa nje. Faida kubwa ni kutoka kwa damu kidogo zaidi na kukaa hospitalini siku chache.

Mpira wa mkojo kwa kawaida hutolewa baada ya siku moja au mbili. Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Wiki za mwanzo mkojo huchoma, huja ghafla, na wakati mwingine humwahi mtu kabla hajafika chooni. Hali hiyo hupungua polepole, na mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama anayezuia haja ndogo, husaidia. Haya yasimfanye mzee ajifungie ndani. Kitambaa safi cha kujihifadhi kinatosha kumtoa barazani.

Damu ndiyo inayowatia watu hofu zaidi. Mkojo waweza kuwa safi kwa siku kadhaa, kisha ukawa mwekundu tena katika wiki ya pili, wakati mabaki ya kidonda yanapobanduka. Katika Bonde la Kilombero, ambako kichocho cha njia ya mkojo kimejulikana kwa miaka mingi, mtu akiona damu huenda moja kwa moja kununua vidonge vya kichocho. Vidonge hivyo havitibu damu ya upasuaji. Mkojo wa rangi ya waridi unaorudi kuwa mweupe baada ya kupumzika na kunywa maji ya kutosha ni wa kawaida. Ukiwa mzito na wenye mabonge, si wa kawaida.

Kinachoirudisha damu hiyo mara nyingi ni kazi. Ifakara ni nchi tambarare na baiskeli ndiyo miguu ya watu wake: hubeba mpunga, mkaa, abiria na wagonjwa. Mgonjwa hushauriwa kutopanda baiskeli kwa wiki nne hadi sita, na pikipiki pia si kimbilio katika barabara zenye mashimo. Mizigo nayo isizidi kilo nne au tano katika kipindi hicho. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, achilia mbali gunia la mpunga. Kwa hiyo anayeweza kupanga tarehe ya upasuaji ni vyema aiweke mbali na kulima na kuvuna.

Choo kigumu ni adui mwingine, kwa kuwa kujikamua hukandamiza kidonda. Wali peke yake hausaidii. Mboga za majani, maharage na papai husaidia. Pombe na kahawa huwasha kibofu na zisubiri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizirudie kwa kukisia, bali aulize ni siku gani aanze tena.

Kuhusu tendo la ndoa, madaktari wengi hushauri kungoja wiki kadhaa. Nguvu za kiume kwa kawaida hubaki kama zilivyokuwa, lakini manii huweza kurudi nyuma na kuingia kibofuni badala ya kutoka nje. Hali hiyo haina madhara kiafya, ila huweza kuwa ya kudumu na hupunguza uwezo wa kuzalisha. Mume na mke wanapaswa kuelezwa kabla ya upasuaji, kwani baadaye ukimya huzaa shutuma nyumbani.

Umbali ni jambo la kufikiriwa mapema. Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, mgonjwa wa ng'ambo hasubiri tena kivuko ili kufika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara. Tatizo limebaki kwa familia zinazohamia kwenye vibanda vya mashambani, ambako mvua hugeuza njia kuwa maji. Aliyefanyiwa upasuaji asikae huko wiki za mwanzo. Mkojo ukiziba kabisa, mabonge ya damu yakitoka, au homa ikipanda pamoja na kutetemeka, anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Ahadi ya kurudi kwa daktari nayo isipuuzwe. Leza inayogeuza nyama kuwa mvuke haiachi kipande cha kupimwa maabara, hivyo kipimo cha damu cha PSA hufanywa kabla. Sehemu ya nje ya tezi hubaki baada ya upasuaji, na saratani bado yaweza kuanzia humo miaka mingi baadaye.