Mwezi wa Ngoma Kunyamaza: Desturi ya Waga wa Accra

Katika Kiswahili neno ngoma huitwa chombo kipigwacho, mchezo uchezwao, na hata shughuli yenyewe. Kwa hiyo huenda wasomaji wetu wakastaajabu kusikia kwamba uko mji mkubwa barani Afrika ambako ngoma hunyamazishwa kila mwaka kwa muda wa siku 30 hivi, na amri hiyo asili yake ni desturi ya wenyeji.

Mji huo ni Accra, mji mkuu wa Ghana, uliomo katika nchi ya Waga. Kila mwaka, mwezi wa Mei hivi, makuhani wa jadi waitwao wulomei hupanda nafaka katika shamba takatifu. Baada ya hapo ngoma na makelele hukomeshwa, ili miungu ipate utulivu na mazao yastawi. Muda ukitimia, ngoma ya jadi hupigwa rasmi kuifungua marufuku hiyo. Kisha hufuata sikukuu ya Homowo, maana yake kuizomea njaa, kwa kumbukumbu ya wahenga waliookoka ukame na uhaba wa chakula.

Zamani wakulima na wavuvi wa Kiga waliishi kwa kalenda moja. Lakini mji ulipokua, waliingia watu wa makabila na dini nyingi. Makanisa yanayoabudu kwa ngoma na vipaza sauti yalidai uhuru wa ibada. Waga nao walidai heshima ya ardhi yao. Katiba ya Ghana ya mwaka 1992 inalinda dini, na inalinda mila pia. Mwaka 1998, na tena 2001, mabishano yaligeuka ghasia: makanisa yalivamiwa, na watu wakaumizwa.

Hatimaye zilitungwa taratibu ambazo halmashauri ya mji huzitangaza kila mwaka. Ibada iendelee, ila sauti isitoke nje ya jengo. Vipaza sauti visiwekwe nje. Wahubiri wa barabarani wapumzike kwa muda. Na wakaguzi wawe na vitambulisho.

Yafaa tuzingatie kwamba taratibu hizo hazikuamua imani ipi ni ya kweli. Zimepima jambo moja tu: sauti ya mtu iishie wapi. Nasi walimu, tunapowafundisha wanafunzi tofauti ya sauti na kelele, tusiishie kwenye ukubwa wake. Tuwaulize pia: ni nani anayeisikia bila ya kupenda?