Roza yenye jina la Amani: namna ya kuiagiza kama zawadi

Waridi, lile ua ambalo watu wengi wa mashariki mwa Congo wanaita roza, mara nyingi linatolewa likiwa limekatwa. Siku chache tu, limekauka. Ulaya kuna desturi nyingine: mtu anatoa mche mzima wenye jina lake, unapandwa mbele ya nyumba na kuchanua miaka na miaka. Ndugu walio Ubelgiji ao Ufaransa wanaweza kuuagiza kwa mama, kwa bibi arusi, ao kwa familia iliyofiwa. Na kati ya majina yote, kuna moja ambalo mtu wa Kivu ao Ituri hawezi kulipita hivi hivi: Peace, ni kusema Amani.

Waridi hilo lilizalishwa na Mfaransa Francis Meilland, aliyeanza kazi yake mwaka 1935. Ni ua kubwa, la manjano hafifu, kando kando lina rangi ya pinki. Vita ilipokuwa inakaribia mwaka 1939, vitawi vyake vilitumwa Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha mipaka ikafungwa. Kila upande ulikuza mche ule ule bila kujua wengine wanauita namna gani. Meilland mwenyewe aliupa jina la mama yake, aliyekuwa amekwisha kufariki: Madame A. Meilland. Wajerumani wakauita Gloria Dei, Utukufu wa Mungu. Waitaliano wakasema Gioia, Furaha. Wamarekani ndio waliouita Peace, tarehe 29 Aprili 1945, vita ikiwa inaishia Ulaya. Siku chache baadaye, wakuu wa ujumbe waliokutana San Francisco kuanzisha Umoja wa Mataifa (ule unaojulikana huku kwa magari yake meupe) walipewa kila mmoja ua moja la Peace.

Historia hiyo ina faida kwa mwenye kuagiza. Mtu akiuliza Peace katika duka la miche la Ufaransa, anaweza kuonyeshwa Madame A. Meilland. Hajadanganywa: ni mche mmoja. Lakini Pink Peace na Chicago Peace ni mawaridi mengine, lazima jina lisomwe lote.

Kuna pia maduka yanayoandika jina la mpokeaji kwenye etiketi, eti ni waridi lake peke yake. Hilo ni jina la etiketi tu; mche una jina lake tayari. Jina jipya la kweli linatolewa na aliyezalisha waridi, na daftari la dunia nzima linashikwa na American Rose Society.

Kule Ulaya, mche wa mizizi wazi, usio na udongo, unatumwa wakati wa baridi, toka Novemba mpaka Machi. Ule wa ndani ya chungu unapatikana karibu mwaka muzima, ila ni mzito na bei yake iko juu.

Kuuleta Congo ni jambo lingine. Kuufunga katikati ya nguo ndani ya valizi si njia, juu mimea inabeba wadudu na magonjwa. Inahitajika hati ya afya ya mimea kutoka nchi unakotoka, na ruhusa ya huduma ya karantini huku. Mbegu nazo hazisaidii: mbegu ya Peace haizai Peace. Kama tayari kuna mwenye mche wa kweli karibu, njia fupi ni kumuomba kitawi na kukipanda. Haki za mzalishaji zilishaisha kitambo, na miji kama Bukavu na Goma, karibu meta 1,500 juu ya bahari, ina ubaridi ambao waridi linaupenda.

Mche wa dukani kwa kawaida umeungwa: jicho la Peace limewekwa kwenye mizizi ya waridi la pori. Kwa hiyo mpokeaji aambiwe mapema: tawi linalotoka chini ya kiungo, ling'olewe toka kwenye mzizi. Likiachwa linakula nguvu yote, ua la manjano linakufa polepole, na mbele ya nyumba kunabaki waridi la pori.