Siti za Ngozi: Jinsi ya Kuziosha na Kuzipaka Losheni Zisipasuke na Jua la Kitengela

Ukiishi Kitengela unajua vumbi ya huku haina adabu. Unafunga vioo vyote, bado inaingia. Ongeza malori ya simiti ya Athi River na jua la mchana ukishuka Barabara ya Namanga hadi Kajiado, utaelewa mbona siti za ngozi zinapauka mapema.

Ndai mob hapa Kenya ni mtumba kutoka Japan, na sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Manake siti inaweza kufika mtaani ikiwa tayari imekaliwa miaka saba. Ikipasuka, fundi anataka doh, na siku ya kuuza, mnunuzi akiona tu ule mpasuko anashusha bei.

1. Hakikisha ni ngozi ya ukweli
Chungulia chini ya siti mahali imekunjwa. Ngozi ina nyuzi nyuzi upande wa ndani. Plastiki imegandishwa kitambaa nyuma. Ndai zingine unapokalia ni ngozi, pembeni ni plastiki. Plastiki ioshe tu. Losheni ya ngozi haiingii huko, usichome pesa.

2. Toa vumbi kwanza
Vumbi ni mchanga mdogo. Ukiisugua na kitambaa chenye maji, ni kama umepiga siti msasa. Tumia brashi laini ama mashine ya kunyonya vumbi, hasa kwa mishono.

3. Osha mos mos
Hepa sabuni ya unga na Jik. Ngozi ina asidi kidogo, na hizo ni alkali kali: zinakula rangi na kuikausha. Magadi ya maharagwe, ile ya Ziwa Magadi hapa hapa Kajiado, pia ni alkali, usijaribu. Chukua sabuni ya ngozi, ama tone la shampuu ya mtoto kwa maji ya vuguvugu. Povu iende kwa kitambaa, si kwa siti. Maliza kipande kimoja ndio uende kingine.

Maji mengi ya visima vya Kitengela yana chumvi na yakikauka yanaacha alama nyeupe. Kwa ule mpanguso wa mwisho, tumia ya mvua.

4. Kausha kivulini
Fungua milango, acha hewa ipite. Usianike siti kwa jua.

5. Paka losheni ya ngozi
Ni kama miguu baada ya kuoga, usipopaka kitu inapauka. Weka kidogo kwa kitambaa, sambaza, ngoja dakika kama kumi, kisha panguza iliyobaki. Wamaasai tangu zamani wamelainisha ngozi kwa mafuta ya mifugo, lakini ya ndai imepakwa rangi juu. Mafuta ya kupika yatanuka na kushika vumbi.

6. Ratiba
Vumbi toa kila wiki, osha mara moja kwa mwezi, losheni kila miezi mitatu. Ukipaki juani, funika kioo cha mbele.

Siti ikishapasuka, losheni haifungi ufa, inapunguza tu kasi ya kuenea. Na ukipeleka ndai kwa vijana wa kuosha magari, uliza kwanza ni nini iko kwa ndoo.