Picha moja kwa sanduku la shosho ilikatwa na wembe

Kabla ya simu, nyumba nyingi za huku kwetu zilikuwa na sheria moja: mgeni akiingia, anapewa albamu. Chai bado iko jikoni, mtu ametumwa mkate dukani, na mgeni amekaa kwa kochi anafungua zile kurasa za kunata zenye plastiki juu. Mjomba amesimama Uhuru Park na suti ya kuazima. Shangazi yuko studio ameshika simu ya mezani ambayo waya wake hauendi popote. Ukiwa mtoto, kazi yako ilikuwa kusimama kando ya mgeni na kueleza: huyu ni fulani, huyu alikufa, huyu ni mimi nikiwa mdogo.

Miezi minne sasa nimekuwa nikitengeneza albamu ya aina hiyo na shosho yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku nyingine, msinianze), kwa hivyo muda ninao. Kila Jumamosi natoka Ruiru, nashuka Thika, nabadilisha matatu, naenda kwake juu ya mto Chania upande wa Gatundu. Niseme ukweli, nilianza nikitafuta kontenti. Kuna watu huku mtandaoni wanabandika picha, barua na tiketi kwa daftari, wanaandika maneno kando, wanapata watazamaji wengi. Si kitu kipya hata. Mwandishi Mark Twain wa Marekani alisajili uvumbuzi wake wa kitabu chenye kurasa za kujinata mwaka 1873. Mimi nikanunua daftari kubwa la kava ngumu na gundi ya shule. Hiyo gundi ilikuwa makosa, nitafika hapo.

Shosho ana sanduku la bati chini ya kitanda. Najua hata wako analo. Ndani kulikuwa na hati ya shamba, kadi za ubatizo, kadi za kliniki za watoto wake wote, rundo la programu za mazishi, na picha ndani ya bahasha ya kaki. Chini kabisa kulikuwa na kibati kidogo chenye kutu. Nilidhani ni cha ugoro.

Kumbe ni cha kipande cha baba yake. Kwa wale mlilala darasani: serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili wanaume Waafrika mwaka 1915, ikaanza kuitekeleza kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukifika miaka 16 ulibeba karatasi yenye jina lako, alama za vidole, jina la mzungu uliyemfanyia kazi, mshahara wako, siku ulianza na siku alikuachilia. Karatasi inakaa ndani ya kibati, kibati kinaning'inia shingoni na kamba. Ukitoka shambani kwake bila yeye kutia sahihi, wewe ni mhalifu. Harry Thuku alisimama kupinga mambo kama hayo mwaka 1921, na alipokamatwa Machi 1922 watu waliokuja kumdai Nairobi walipigwa risasi.

Kibati kilikuwa kitupu. Nikamuuliza shosho karatasi iko wapi. Akasema, "Iliungua na nyumba. Hiki ni bati, hakikuungua."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini sanduku lote halina picha hata moja ya kabla ya 1954. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya 1954, zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa kwa mashamba yao wakasukumwa ndani ya vijiji kama 800, vyenye mitaro ya miti iliyochongwa, mnara wa walinzi na kafyu. Nyumba za zamani zilichomwa au kubomolewa ili msitu usipate chakula. Shosho alikuwa msichana wa miaka kumi na kitu. Anakumbuka mama yake alibeba sufuria, mtoto, na blanketi. Hakuna mtu anabeba karatasi nyumba ikiwaka. Kitu pekee kilichobaki cha baba yake ni kile alichokichukia zaidi maishani.

Sasa linganisha. Kuna mtoto wa kizungu aliyeletwa na wazazi wake hapa Chania Bridge, ndiyo Thika ya leo, karibu na 1913. Anaitwa Elspeth Huxley. Alikua, akaketi, akaandika kumbukumbu za shamba lao: kuku, farasi, maua, majirani. The Flame Trees of Thika ilitoka 1959, na 1981 ikawa mfululizo wa televisheni Uingereza. Sina ugomvi na kitabu, kinasomeka poa sana. Lakini angalia huo mwaka. 1959 hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Dunia ilikuwa inasoma utoto wa mtu mmoja wa Thika wakati utoto wa shosho, kilomita chache juu ya mto huo huo, ulikuwa umeshakuwa majivu.

Na msifikirie serikali ilituwekea nakala. Wakiondoka 1963 Waingereza walichoma faili nyingi na kubeba zingine. Mwaka 2011 ndipo ilijulikana wazi kwamba kama faili 1,500 za Kenya zilikuwa zimefichwa Hanslope Park huko kwao, na zilitoka kwa sababu wazee wetu waliwashtaki kortini London. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Gawanyeni wenyewe muone kila mmoja alipata nini.

Turudi kwa daftari. Picha ya kwanza kwa sanduku ni ya harusi ya shosho, miaka ya mwanzo ya sitini. Watu saba wamesimama mbele ya kanisa. Ukihesabu miguu, ni watu wanane. Mmoja amekatwa na wembe, vizuri kabisa, kuanzia kichwa hadi magoti. Viatu vimebaki.

Nilimuuliza shosho Jumamosi tatu mfululizo. Ya kwanza alisema panya. Ya pili alienda kuangalia ng'ombe. Ya tatu shangazi yangu ndiye alinivuta nje akaniambia: ni kaka yake shosho. Kaka mmoja aliwekwa kizuizini. Huyu mwingine alikuwa ngati, mlinzi upande wa serikali. Wakati mashamba yalipokuwa yanapimwa na kuunganishwa, wengine walikuwa bado wamefungwa, na walio nje ndio walikaa kwa kamati. Aliyefungwa alirudi akapewa kipande cha mawe mtelemkoni. Ile hati ya shamba kwa sanduku, sasa nikaisoma na macho mengine.

Nikapitia zile programu za mazishi zote. Nyinyi mnazitupa mkitoka makaburini, lakini hizo ndizo kumbukumbu zetu zilizoandikwa vizuri zaidi: mtoto wa nani, ndugu ya nani, alisoma wapi, alioa nani. Huyo kaka hayuko kwa hata moja. Wala ya kwake haipo.

Shangazi anasema nisibandike ile picha. Ati watoto wa yule mzee ni majirani, tunakutana kanisani, na kesi za shamba hazifi. Ana pointi. Pia aliniambia nikiposti atanikana, na hiyo nimemkubalia, ndiyo maana hamuoni picha yoyote hapa.

Gundi sasa. Nilibandika picha nne kabla mpiga picha mmoja mzee wa Thika kunikemea kama mwizi. Gundi ya shule inakula picha, na zile albamu za kunata za zamani pia ndizo zinazifanya ziwe njano. Tumia vile vipembe vya karatasi vya kushika kona nne. Nyuma ya picha usiandike na biro, inachora hadi mbele, andika na penseli laini. Na uandike majina yote, siyo "mimi na maboyz". Mimi nina picha elfu kumi na moja kwa simu na sidhani kuna moja ambayo mjukuu ataweza kusema ni ya nani.

Jumamosi iliyopita tulifika ukurasa wa harusi. Nikaweka picha bila kusema kitu, nikaandika majina saba chini yake, shosho akinitajia mmoja mmoja kutoka kushoto. Tukafika kwa viatu. Nikangoja. Aliangalia nje kwa muda, kuku wakiwa wanaingia jikoni na hakuna anayewafukuza.

Kisha akataja jina.

"Niandike na kazi yake?" nikauliza.

"Andika jina," akasema. "Hiyo ingine bado."