Kijana wa Machimbo na Makaa ya Sultani

Sisi tuliokulia Gungu tunaijua barabara kwa vumbi lake. Kabla ya lami, lilikuwa linaingia mpaka kwenye sufuria ya maharage. Jirani yetu mmoja, mstaafu aliyemaliza ujana wake akipima udongo na mawe ya barabara, alizoea kutuambia, "Wanangu, hiyo mnayoiona juu ni ngozi tu. Barabara iko chini." Sisi tulikuwa tunacheka. Mzee gani anaokota mawe na kuyapanga dirishani kama vikombe vya kahawa?

Nimemkumbuka juzi nikisoma habari za Joseph Thomson. Huyu alizaliwa Uskoti mwaka 1858. Baba yake alikuwa mwashi wa mawe, baadaye akawa na machimbo, kwa hiyo mtoto alikua kati ya nyundo na miamba. Chuo Kikuu cha Edinburgh alisoma jiolojia. Alipomaliza tu, akapata nafasi kwenye msafara wa Keith Johnston, uliotumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Kazi ilikuwa kutazama njia ya kutoka Dar es Salaam hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na mbele yake Tanganyika. Ikumbukwe kwamba tangu 1877 matajiri wa Uingereza walishaanza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea huko Nyasa. Barabara ile haikufika mbali. Lakini swali lilikuwa lilelile la jirani yangu: ardhi iliyo chini ikoje?

Wakaondoka Dar es Salaam Mei 1879. Mwezi uliofuata Johnston akafa kwa kuhara damu huko Behobeho, karibu na Rufiji. Thomson alikuwa na miaka 21. Vitabu vya zamani vinasema kijana "aliongoza" msafara hadi maziwa makuu. Sawa, lakini hebu tusiharakishe. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, na ambaye mwaka 1873 yeye na Susi walianza na wenzao safari ya kuubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Mtu wa namna hiyo ukiwa naye, hata ukiwa na miaka 21, utafika. Thomson mwenyewe, kwa haki yake, hakuficha kwamba alimtegemea.

Novemba wakalifikia Ziwa Tanganyika, upande wa kusini. Na hapa ndipo habari inapotugusa sisi wa Kigoma. Ziwa hili lina njia moja tu ya kutokea maji, mto Lukuga, ng'ambo huko Kongo. Cameron alifika mwaka 1874 akasema maji yanatokea hapo. Stanley akafika 1876, akakuta matope na mafunjo, akasema hayatoki. London wakabishana. Mwisho wa 1879 Thomson akafika, akakuta mto unakwenda kwa nguvu kuelekea magharibi. Hore, mmisionari aliyekuwa na makao Ujiji, alikuwa ameshauona hivyo kabla yake. Kumbe mlango ulikuwa umezibwa, ziwa likapanda miaka mingi, mwisho likavunja kizuizi na kuanza kushuka. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa mwongo, kila mmoja alifika kwa mwaka wake. Miaka ya karibuni maji yalipopanda tena na kumeza nyumba na mialo ya ufukweni kwetu, niliwasikia watu wakiuliza ziwa limepatwa na nini, kana kwamba halijawahi kufanya hivyo.

Ila sehemu ninayoipenda zaidi ya maisha yake ni ya mwaka 1881. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na meli za moshi, na meli zinakula makaa ya mawe ya kununua. Livingstone alikuwa ameripoti makaa katika bonde la Ruvuma. Basi Sultani akamwajiri Thomson akayatazame. Hapo ndipo alipokuwa mwanajiolojia wa serikali hasa, serikali ya Unguja! Akaenda na Chuma, akapachimba, akapasa hukumu: ni mwamba mweusi wa matabaka, si makaa ya kumfaa mtu. Akarudi na kusema hivyo.

Fikiria, msomaji. Angeweza kusema makaa yapo ila yanahitaji miaka mitatu na bajeti. Wangapi wamekula mshahara namna hiyo? Sultani hakufurahi, na ajira haikudumu. Leo mkoa wa Ruvuma unachimba makaa kweli, huko Ngaka, Mbinga. Lakini ni mbali na pale alipopelekwa Thomson, kwa hiyo hilo halimfanyi kuwa amekosea.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882. Mwaka uliofuata Thomson alikwenda Umasaini bila yeye, na huko ndiko alikopata sifa, pamoja na kuwatisha watu kwa kung'oa na kurudisha meno yake ya bandia. Wapenzi wa riwaya wanaijua mbinu hiyo kwa Rider Haggard, katika *King Solomon's Mines* ya 1885. Thomson naye aliandika riwaya, *Ulu*, pamoja na mwanamke aitwaye Harris-Smith. Ilitoka 1888, na sidhani kama kuna anayeisoma.

Baada ya hapo ananichosha. Mwaka 1885 alipelekwa Sokoto na kampuni ya biashara kutafuta mikataba. Mwaka 1890 akatumwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuelekea Katanga kwa Msiri, safari hiyo na karatasi za kuwekewa sahihi, lakini hakufika, ndui ikaukwamisha msafara. Yule aliyemwambia Sultani ukweli wa jiwe, sasa anawaomba watawala wa watu wengine waweke alama chini ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Afya ikaharibika. Akafa London mwaka 1895, ana miaka 37.

Huku kwetu jina lake limebaki kwa mnyama, swala tomi. Mawe ya jirani yangu bado yako dirishani. Nilipomsimulia habari ya Ruvuma aliuliza jambo moja tu: alichimba mashimo mangapi kabla ya kusema hakuna?